Sanduku lenye kinyago cha babu halikufika Maskati: nidai vipi?

SWALI: Nilisafiri kutoka Mtwara kupitia Dar es Salaam kwenda Maskati kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Sanduku langu halikufika. Nguo si kitu, ila ndani kulikuwa na kinyago cha mpingo alichochonga marehemu babu yangu kule Newala, tulitaka kumkabidhi bibi harusi. Uwanjani walinipa karatasi yenye namba wakaniambia nisubiri simu. Nimesharudi nyumbani, leo ni siku ya 16, na kila nikipiga jibu ni "tunatafuta". Kijana wa ofisi ya tiketi kaniambia nitalipwa kwa kilo, na kwamba kinyago hakihesabiwi kwa sababu ni kitu cha thamani. Ni kweli? (Mama wa Mikindani)

JIBU: Pole sana, mama. Yote mawili uliyoambiwa hayako sawa, nitayafikia. Kwanza tukitafute kinyago, maana fidia haitakirudisha.

Chukua ile tagi ndogo waliyokubandikia kwenye tiketi pale Mtwara. Ina namba ya tarakimu 10 na herufi tatu za uwanja wa mwisho wa mzigo. Kama zimeandikwa MCT, mzigo ulisajiliwa moja kwa moja hadi Maskati. Kama zimeandikwa DAR, mzigo uliishia Dar, na ulipaswa kuuchukua mwenyewe na kuusajili upya kwa safari ya nje. Hili huwapata wengi wanaonunua tiketi mbili tofauti: abiria anahamia Jengo la Tatu akidhani sanduku linamfuata, kumbe limebaki kwenye ukumbi wa ndege za ndani. Ikiwa ndivyo, Maskati hawawezi kuliona hata wakitafuta mwaka mzima. Uliza Dar, kwenye ofisi ya mizigo ya shirika lililokutoa Mtwara.

Karatasi uliyopewa inaitwa PIR, yaani ripoti ya mzigo uliopotea au kuharibika. Juu yake kuna namba ya faili: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Kwa namba hiyo na jina lako la ukoo, faili linafunguka kwenye mfumo wa WorldTracer, ambao viwanja na mashirika mengi hutumia kulinganisha mizigo iliyopotea na iliyookotwa. Hakikisha jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, na tarakimu 10 za tagi zimenakiliwa bila kosa. Tarakimu moja ikikosewa, mzigo unaweza kukaa rafu ya pili na usioanishwe.

Siku za mwanzo mfumo hutegemea zaidi tagi, jina, aina na rangi ya sanduku. Tagi ikiwa imechanika, kinachobaki ni orodha ya vitu vya ndani, na hapo ndipo watu wengi hukwama kwa sababu waliandika "nguo na zawadi". Nguo na zawadi zimo kwenye kila sanduku liendalo harusini. Kinyago chako ni bahati katika balaa hili, kwani hakuna kingine kama hicho. Watumie maelezo kwa maandishi, kwa Kiingereza, ya namna hii: kinyago cheusi cha mpingo, watu sita wamepandana, urefu sentimita 34, uzito kama kilo 2 na nusu, kwenye tako limebaki ganda jeupe la mti, kuna ufa mwembamba mgongoni uliozibwa kwa nta, kimefungwa kwa kanga nyekundu. Weka vipimo na alama za kwako, pamoja na picha yoyote ya nyumbani ambamo kinyago kinaonekana, hata kama kimekaa nyuma ya watu. Omba pia watafute kwenye vitu vilivyookotwa vikiwa peke yake. Sanduku likipasuka, kilichodondoka huandikwa kwenye kumbukumbu nyingine, bila tagi yako.

Je, forodha wanaweza kukizuia kinyago? Hukutaja hofu hiyo, lakini wengi huuliza. Mpingo umo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) ya miti inayodhibitiwa tangu 2017, ila tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja hazihitaji kibali cha CITES. Kwa kinyago kimoja, sioni hapo sababu ya kuzuiwa.

Sasa madai. Safari ya kimataifa kama yako inatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu usafiri wa anga. Tanzania na Oman zote ni wanachama. Kwa mzigo uliosajiliwa, huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kwamba ulipotea ukiwa mikononi mwao. Malipo ya kwa kilo ni ya mkataba wa zamani wa Warsaw. Chini ya Montreal hesabu ni kwa abiria: kikomo ni SDR 1,519 tangu 28 Desemba 2024, yaani dola 2,000 za Marekani na ushei (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa; thamani yake hubadilika kila siku). Hicho ni kikomo, si kiwango. Unalipwa hasara unayoithibitisha, na machungu ya kumpoteza babu mara ya pili hayana bei kwenye mkataba huo. Tafuta basi makadirio ya maandishi ya thamani ya kinyago kutoka kwa wachongaji wazoefu, kwa mfano wale wa Mwenge, Dar es Salaam. Ambatanisha risiti za nguo na mahitaji uliyonunua Maskati.

Na lile la kinyago kutohesabiwa, kwa kifungu cha tiketi kinachosema "vitu vya thamani havihusiki"? Ibara ya 26 ya mkataba inabatilisha sharti lolote linalomwondolea msafirishaji wajibu wake au kushusha kikomo. Kilichokuwa wazi kwako ni kutangaza thamani maalumu wakati wa kusajili mzigo na kulipia nyongeza. Bila hivyo, kwa kawaida dai haliwezi kupita SDR 1,519. Safari nyingine kinyago kikae mkobani, miguuni mwako.

Usisubiri siku ya 21 kuandika. Andika leo barua pepe yenye namba ya faili, tagi na maelezo ya kinyago. Siku 21 zikipita tangu sanduku lilipotakiwa kufika, sheria inakuruhusu kulidai kama lililopotea, hivyo tuma dai kamili kesho yake na uwaandikie waendelee kutafuta. Kama ilikuwa tiketi moja, unaweza kumdai msafirishaji wa kwanza, wa mwisho, au yule ambaye mzigo ulipotea mikononi mwake. Wasikuzungushe kati ya kaunta mbili. Wakikaa kimya, peleka malalamiko TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na nakala za barua zote. Mahakamani una miaka 2. Ikiwa tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari kisheria ni ulikoanzia, kwa hiyo kesi inaweza kufunguliwa hapa Tanzania.

Wakilipata, waambie walete Mtwara, lisiishie Dar. Usisaini kabla ya kulipima kwenye mizani ya uwanja. Uzito wa siku uliyosafiri mara nyingi umeandikwa kwenye tagi. Liliondoka na kilo 21 likirudi na 18, huenda limefunguliwa njiani. Litoe vitu mbele yao, andika kilichopungua kwenye fomu ya kupokelea, na ndani ya siku 7 peleka malalamiko ya maandishi. Muda huo ukipita bila barua, dai la kilichoharibika au kuchomolewa linaweza kukataliwa.