Vitunguu majani vya Memphis

Wiki hii mmeuliza ni albamu gani ya ala tupu ambayo msomaji haichoki. Yangu ni Green Onions ya Booker T. & the M.G.'s, ya mwaka 1962, na nakiri mapema kwamba sizipendi nyimbo zake zote 12.

Stax, walikoirekodia, ilikuwa studio ndani ya jengo la sinema ya zamani, barabara ya McLemore, Memphis, Marekani. Mji ulikuwa bado wa ubaguzi, lakini humo ndani Steve Cropper, mpiga gitaa wa kundi hili, Mzungu, alikuwa akipiga na Weusi watatu. Kazi yao ilikuwa kuwapigia waimbaji. Siku moja waliitwa kumpigia Billy Lee Riley. Kazi ya Riley haikufika popote, wakabaki na vyombo mkononi wakijipigia bluzi ya polepole. Jim Stewart, mwenye studio, akairekodi, akaipenda, akadai na wimbo wa upande wa pili wa sahani. Booker T. Jones, kijana wa miaka 17, akatoa kipande cha kinanda alichokuwa nacho. Hicho cha kujazia upande wa pili ndicho "Green Onions", vitunguu majani, na ndicho kilichoshika namba moja kwenye chati ya R&B ya Marekani.

Usikilize kwa hedifoni. Kinanda cha Hammond kinaingia kwa kunyata, besi ya Lewie Steinberg inakifuata unyayo kwa unyayo, na Al Jackson kwenye dramu hana mbwembwe hata chembe. Kisha Cropper anachapa gitaa, ka!, ananyamaza. Unangoja. Anachapa tena. Mimi nimelelewa na sebene, solo linalobwabwaja kama mtu mwenye kesi barazani, kwa hiyo mara ya kwanza nilidhani waya wa spika umelegea. Nikaenda kuutikisa! Siku hizi zile nafasi anazoziacha nazisubiri kuliko noti zenyewe, na wimbo mzima haufiki hata dakika tatu.

Nyimbo nyingi zilizobaki ni za watu wengine. "Twist and Shout" bila mtu wa kupiga kelele naona imepwaya, na "Stranger on the Shore" ni ya kusikilizia ukiwa ndani ya lifti. Lakini "Lonely Avenue", aliyowahi kuiimba Ray Charles, hapo kinanda kinalalama mpaka unajiuliza maneno yangekuwa ya nini. "Mo' Onions" ni mdogo wake yule mkubwa, kafanana naye kupita kiasi, namsamehe.

Ninayoirudia zaidi usiku ni "Behave Yourself", ile bluzi ya kwanza iliyomezwa na upande wake wa pili. Haina haraka ya kwenda popote. Jirani yangu aliwahi kuniuliza ukutani mbona mwimbaji haingii. Nikamjibu tunamsubiri Riley.