Chungwa ni zuri au baya?

Dada, umeuliza kama ni sawa kukiita kila chakula "kizuri" au "kibaya" kwa afya. Usijisumbue. Chukua chungwa: ukilila zima unapata nyuzinyuzi zake, ukikamua manne ukanywa glasi moja, nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio na sukari yote umeimeza. Sasa chungwa tuliite nani? Tazama kiasi, na unakula mara ngapi. Hata chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Halijasema ni sumu. Ila mafuta ya transi ya kiwandani, yaani mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, hayo nayaita mabaya bila kupepesa macho. Mwenye kisukari au tatizo la figo amsikilize daktari wake, si mimi.