Njia ya Soni, kwa miguu

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama bado kuna mtu mzima anayetembea kwa miguu barabara za kijijini kwa raha yake, wakati bodaboda zimejaa kila njia panda. Nipo. Kwetu ni Usambara, upande wa Soni, pale barabara ya Bumbuli inapoachana na ile ya Lushoto. Nilianza kuitembea nikiwa darasa la kwanza, peku. Sasa nina miaka 56 na kila nikitoka Dar nikashuka kwenye basi, begi nampa bodaboda alitangulize, mimi nafuata kwa miguu.

Ila lami ya kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto sikushauri uitembee. Ni nyembamba, kona zinafuatana, mlima upande huu na korongo upande ule. Basi likikukuta huna pa kusogea. Raha iko kwenye njia za udongo zinazochepuka kwenda vijijini. Hata huko shika upande wa kulia, uwaone wanaokuja mbele yako. Masika utelezi ni mkali. Mimi napenda Juni na Julai, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni na sweta halijavuliwa.

Bodaboda ananifikisha nyumbani kwa dakika 15. Kwa miguu ni saa moja na nusu, na mara nyingi zaidi, kwa sababu kwetu humpiti mtu kimya. Kwa Kisambaa salamu ya asubuhi ni "onga makeo", jua likipanda ni "onga mshi", halafu zinafuata za nyumbani: watoto, wagonjwa, mahindi. Nikifika kwa mama tayari najua nani kafiwa, nani kaozesha, nani kakata miti yake ya miwati akapanda karoti. Aliyepita na pikipiki alipunga mkono tu.

Hadithi nazo nilizipata njiani. Babu alinisimulia habari za Mbegha tukiwa tunatembea: mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu, akawagawia watu nyama, wakampenda wakamfanya mtawala, na ukoo wake wa Kilindi ukatawala Usambara kutoka Vuga. Tukifika mahali ambapo mlima wa Vuga unaonekana, babu alikuwa anashusha sauti, kama mtu aliye mlangoni kwa mkubwa. Mpaka leo nikifika hapo nami nanyamaza kidogo.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kituo. Sisemi cha mabasi. Nasema kituo kwa maana yake ya asili, mahali pa kutua mzigo. Njia yetu inapomaliza mpando wa kwanza kuna ukingo wa udongo mwekundu, urefu wake unafika begani mwa mwanamke. Mwenye kuni au mkungu wa ndizi kichwani anausogelea kinyumenyume, anakunja magoti kidogo, mzigo unakaa juu ya ukingo na kichwa kinatoka chini yake. Anafuta jasho, anarekebisha ngata, anapumzika. Akiwa tayari anarudisha kichwa pale pale, ananyooka, anaondoka. Hahitaji mtu wa kumtua wala wa kumtwisha. Juu ya ukingo ule pamebonyea, pamelainika kama kiti cha zamani, kwa mizigo ya miaka mingi. Nimepita hapo mara kadhaa ndani ya gari la ndugu yangu na sikuwahi kupaona. Ni majani na udongo, basi, umeshapita.

Utotoni nilikuwa namsubiri mama hapo siku za gulio. Namwona akija mdogo sana kule chini, kanga yake ya njano, anapotea kwenye kona, anatokea tena mkubwa zaidi.

Desemba iliyopita mama alitaka kunisindikiza. Ana miaka 81, tukaenda taratibu, yeye na fimbo yake, akinionyesha mashamba na kunitajia wenyewe, wengine walishatangulia mbele ya haki. Mikononi hakuwa na kitu, kichwani hakuwa na kitu. Tulipofika kwenye ule ukingo alinipa fimbo nimshikie, akageuka, akausogelea kinyumenyume, akaegemeza kichwa, akafumba macho.

Nikasimama pembeni nikamsubiri.