Kula Bologna kwenye mgahawa wa familia, hasa kama huli nguruwe

Ukifika Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia, usiulizie spageti bolonyeze. Kwenye trattoria, ile migahawa midogo ambako mara nyingi mama yuko jikoni, baba anapokea wageni na kijana wao anazunguka na sahani, hutaikuta kwenye menyu. Rosti yao ya nyama ya kusaga, ragù, huliwa na tagliatelle, tambi bapa za unga na mayai. Na hawana masihara na jambo hilo: mwaka 1972 walisajili kwenye Chemba ya Biashara ya mji upana wa tagliatelle, milimita 8 ikishaiva, na mwaka 1982 wakasajili mapishi ya ragù yenyewe.

Menyu ikiwa fupi, furahi. Ukiona kurasa kumi zenye picha, pitiliza.

Sasa kwa sisi tusiokula nguruwe, Bologna inataka umakini, maana nguruwe hapa hujificha. Mortadella, ile soseji nene ya nguruwe, na prosciutto, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kila mtu anazijua. Wengi hawajui kwamba ragù huwekwa pancetta, nyama yenye mafuta ya tumbo la nguruwe, hata pale unapoambiwa ni ya ng'ombe. Tortellini, vile vipande vidogo vya tambi vinavyoletwa ndani ya supu, vimejazwa nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella kwa pamoja. Cotoletta alla bolognese ni nyama ya ndama, lakini juu yake kuna prosciutto. Hata crescentine, vile vimaandazi vya chumvi vinavyoletwa mwanzo vikiwa vya moto, mara nyingi hukaangwa kwa strutto, mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna nyama. Uliza, “C'è maiale? C'è strutto?”, yaani kuna nguruwe, kuna mafuta ya nguruwe? Mwenye mgahawa atakujibu bila kununa, na mara nyingi ataingia jikoni kuhakikisha.

Mimi huagiza tortelloni. Ni vikubwa kuliko tortellini, vimejazwa ricotta, jibini laini, na majani ya parsley, vinaletwa na siagi iliyopikwa na majani ya salvia. Kwa maoni yangu ndicho chakula kitamu kuliko vyote mjini, hata wenzangu wanaokula kila kitu huishia kudokoa sahani yangu. Ukifika Ferrara, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni, tafuta cappellacci, tambi zilizojazwa boga, ila omba za siagi, kwa sababu huko nako kuna wanaomwagia ragù. Anayekula halali kwa ukamilifu ajue pia kwamba jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama. Hapo kila mtu na msimamo wake.

Ukipata nafasi ya kumwona sfoglina, mama anayesukuma tambi kwa mkono, simama umtazame. Mti wake ni mrefu kuliko wetu wa chapati mara mbili na zaidi, na donge moja hutanuka mpaka kufunika meza.

Kuhusu kuagiza: primo ni tambi au supu, secondo ni nyama. Hulazimiki kuchukua vyote, na sahani ya primo inashibisha mtu mzima. Maji hununuliwa, utaulizwa naturale, yaani yasiyo na gesi, au ya gesi. Kwenye bili utakuta coperto, euro 2 au 3 kwa kila kichwa, ambayo ni ya mkate na nafasi mezani. Hujaibiwa, imeandikwa kwenye menyu. Bakshishi si lazima.

Weka nafasi mapema, hasa Jumamosi. Jiko la mchana hufungwa mnamo saa nane na nusu na halifunguki tena mpaka saa moja na nusu usiku, kwa hiyo anayefika saa kumi na njaa yake atakula kipande cha piza barabarani. Agosti ndiyo mbaya zaidi: familia nyingi hufunga mgahawa zikaenda pwani. Na bili hailetwi mpaka uiombe, hata ukikaa kwa muda wa saa mbili.