Kampuni zimeungana, kila idara ina programu yake, mkuu wa IT nianzie wapi?

Swali: Habari mkuu. Naongoza kitengo cha mifumo, kampuni yetu imeungana na nyingine. Mauzo wana programu yao ya mtandaoni, fedha nao yao, na bosi anataka kila kitu kiwe kwenye mfumo mmoja ndani ya miezi mitatu halafu nipunguze watu. Nianzie wapi?

Jibu: Pole aisee. Kwanza usiguse seva hata moja, hapo shida sio mitambo, ni nani ana kauli ya mwisho. Kabla Amazon hawajaanza kukodisha seva kwenye intaneti 2006, idara ikitaka mfumo mara nyingi ilibidi ipite kwako maana mashine unazo wewe, leo mtu anahitaji imeili na kadi ya benki tu kashamaliza. Ukipiga marufuku watajificha. Mi nilishawahi kutoa waraka mkali kweli kweli, haukupita mwezi nikakuta faili la mishahara lipo kwenye akaunti binafsi ya mtu aliyeshaacha kazi!

Kwahiyo nenda kwa mhasibu, omba malipo yote ya kadi za kampuni, utaona nani analipia nini kila mwezi, hojaji hazitakwambia hayo. Ukishajua, shikilia vichache tu: akaunti za kuingilia, data za wateja, bakapu (nakala za akiba) na usalama. Programu ya kuchorea ratiba waachie wenyewe, haina haja ya ugomvi.

Miezi mitatu ya bosi mkatalie, kwa adabu lakini. Mtajie benki ya TSB ya Uingereza, ilinunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania 2015, Aprili 2018 wakahamisha wateja kwenda mfumo mpya kwa mkupuo, hadi watu milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao na 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Halafu Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alishaandika 1968 kwamba mfumo hufuata jinsi watu wanaoutengeneza wanavyowasiliana, yaani timu zenu mbili za fedha zisipoongea, hata ndani ya mfumo mmoja utakuta orodha mbili za wateja na kila mtu anaapa yake ndio sahihi.

Kuhusu kupunguza watu, ngoja hadi mfumo wa zamani uzimwe. Yule mzee anayejua kwanini ripoti ya mwisho wa mwezi huwa inagoma, ukimtoa leo utamrudisha kama mshauri kwa hela mara mbili.