Jibu: Kwa nini Odysseus alichukua miaka 10 kurudi Ithaca?

Ndugu, umeuliza iweje safari ya kutoka vitani Troy hadi Ithaca, kisiwa chake, imchukue Odysseus, shujaa wa utenzi wa Kigiriki uitwao Odyssey, miaka 10. Muda mwingi hakuwa safarini kabisa. Miaka 7 alizuiliwa na Calypso, mungu wa kike, kisiwani Ogygia, na mwaka mzima alikaa kwa Circe, mungu wa kike mchawi, akila na kunywa, mpaka wenzake ndio wakamkumbusha kwao.

Kinachoniuma mimi ni kisa cha Aeolus, mtunza upepo. Huyu alimfungia Odysseus pepo zote za dhoruba ndani ya mfuko wa ngozi, wakasafiri salama siku 9, na ya 10 wakaiona Ithaca, hata watu wakichochea mioto yao! Odysseus, aliyeishika kamba ya tanga mwenyewe muda wote huo, akapitiwa na usingizi. Mabaharia wakadhani mfukoni mna dhahabu, wakaufungua. Dhoruba ikawarudisha walikotoka.

Hasira ya Poseidon, mungu wa bahari, ni kweli, ila Odysseus ndiye aliyejitaja jina kwa sauti baada ya kumpofusha Polyphemus, jitu lenye jicho moja, mwana wa mungu huyo. Merikebu 12 za Odysseus zote ziliangamia.

Soma Odyssey, sehemu ya 9 hadi ya 12, Odysseus anasimulia mwenyewe.