Wateja wanaganda seva ikizimwa

Ndugu, nimekuelewa: ukizima seva ya Debian (aina ya Linux), wateja (programu za watumiaji zilizounganishwa nayo) hawakatwi, wanabaki wameganda. Nahisi mtandao unashushwa kabla programu yako haijaaga. Kwenye faili la huduma la systemd (programu inayoanzisha na kusimamisha huduma kwenye Linux), chini ya [Unit], weka After=network.target, kisha endesha amri systemctl daemon-reload ili faili lisomwe upya. Wakati wa kuzima systemd hufuata mpangilio kinyume, hivyo programu itasimamishwa mtandao ukiwa bado upo.

Hiyo ni nusu tu, na wengi huishia hapo. Programu yenyewe lazima ishughulikie SIGTERM (ishara ya kuiomba ijifunge): iache kupokea wateja wapya, imalize waliopo, ndipo ifunge soketi (miunganisho yake ya mtandao). Kwa kawaida ina sekunde 90 kabla ya SIGKILL (ishara ya kuiua kwa nguvu). Zisipotosha, ongeza TimeoutStopSec (muda huo wa kusubiri). Kama inagusa malipo ya watu, usijaribie kwenye seva hiyo bila msimamizi wa hifadhidata.